Bikoni za Hewani

Kinyozi wa Mbagala akichoka na Clouds kwenye 88.5, anasogeza mshale kidogo tu na kuinasa Wasafi kwenye 88.9. Kati ya vituo hivyo kuna kilohezi 400. Katika umbali huo, kila kituo kinatumia sehemu yake na katikati panabaki uchochoro mtupu. Uchochoro huo una historia.

Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951, haikuwa na jirani wa kugombania naye mpaka. Hata Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyoundwa mwaka 1965, ilitamba karibu peke yake kwenye mawimbi ya kati na mafupi. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango kwa watu binafsi. Mwaka uliofuata Radio One ikasikika kutoka Mikocheni, kisha wengine wakafuata. Tangu mwaka 2003 anayepima viwanja vya mawimbi ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, lakini shamba la FM ni lilelile: megahezi 87.5 hadi 108.

Marekani walijaribu kubana zaidi. Mwaka 2002 waliruhusu mawimbi ya kidijitali yapachikwe pande zote mbili za FM, ndani ya bendi ileile, na kituo kikatanuka hadi karibu kilohezi 400. Mwaka 2010 nguvu ya mawimbi hayo iliruhusiwa kupanda kutoka asilimia 1 hadi 10 ya ile ya analojia. Waliolalamika ni wasikilizaji wa mbali: kituo walichozoea kikamezwa na mvumo kama wa mafuta yanayokaanga.

Pima hilo hapa kwetu. Clouds ingefika 88.7, na Wasafi ingeanzia hapohapo. Uchochoro umekwisha. Aliye karibu na mnara huenda asitambue kitu. Atakayeumia ni wa Chamazi au Bunju, ambako mawimbi hufika yamechoka na redio ni ya bei nafuu, yenye chujio hafifu.

Norwei, iliyohamisha redio zake za kitaifa kutoka FM mwaka 2017, ilizipeleka kwenye mfumo wa kidijitali wa DAB, megahezi 174 hadi 230, mbali kabisa na FM. Nasi tunajua kuhama: Dar es Salaam ilizima televisheni ya analojia tarehe 31 Desemba 2012. Redio ya kidijitali ikija, ipimiwe kiwanja chake. Isijengwe juu ya bikoni za jirani.