Sarafu za zamani kwenye kopo la bibi: Ipi ni mali, ipi ni chuma tu?

Nyumba nyingi hapa Tanzania hazikosi kopo au droo yenye sarafu ambazo hakuna duka linalozipokea tena. Na huenda mtandaoni umeshakutana na matangazo ya watu wanaodai kununua "sarafu za Nyerere" kwa mamilioni. Kabla hujapiga hiyo namba, soma hapa.

Jibu fupi: zipo zenye thamani kubwa, ila ni chache. Uzee peke yake hausaidii. Bei inapanda kama zilizobaki ni chache, hali yake ni nzuri, au ndani kuna fedha au dhahabu.

Tuanze na zinazoulizwa sana. Mwaka 1966 Tanzania ilitoa senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura na shilingi 1 yenye mwenge, upande wa pili Mwalimu Nyerere. Zilitengenezwa kwa mamilioni na hazina fedha wala dhahabu. Iliyochakaa ukiiuza utapata hela ya soda, basi.

Senti zenye tundu katikati ni za enzi za Mwingereza. Za mwaka 1936 zina kituko chake: baadhi ya senti 5 na 10 zina jina la Mfalme Edward VIII, aliyeachia ufalme Desemba mwaka huohuo hata taji hajavishwa. Uingereza kwenyewe sarafu zake hazikutolewa rasmi. Ungedhani za kwetu ni utajiri, kumbe nazo zilimwagwa kwa mamilioni na hadi leo bei yake ni ndogo.

Shilingi yenye simba, ya kati ya 1921 na 1946, hiyo usiidharau. Ina uzito wa kama gramu 7.8 na robo yake ni fedha, yaani chini kidogo ya gramu 2 za fedha halisi. Moja haikutoi kimasomaso, lakini kopo zima ni kitu. Za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa.

Sasa twende Tabora, maana huko ndiko kwenye mzigo wenyewe. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia meli za Uingereza zilifunga pwani, na Wajerumani wakaishiwa sarafu. Mwaka 1916 wakatengeneza zao kwenye karakana ya reli, kwa dhahabu ya Sekenke, Singida. Ndiyo rupia 15 yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Zilitengenezwa kama 16,000 tu, na kwenye minada ya nje moja huuzwa kwa maelfu ya dola. Halisi ina uzito wa kama gramu 7.2, na feki zimejaa, kwa hiyo anza na mzani wa sonara.

Karakana hiyohiyo ilitoa pia Heller 20 za shaba (neno letu "hela" limetoka huko). Hizo ni nyingi na bei yake ni ya kawaida, ingawa watu huzichanganya na ile ya dhahabu.

Kuna pia ya mwaka 1974 yenye duma, imeandikwa shilingi 1,500. Ina karibu gramu 30 za dhahabu, kwa hiyo hiyo 1,500 isahau. Iliuzwa kwa wakusanyaji, haikuzunguka mtaani, ndiyo maana huwezi kuikuta kwenye chenji.

Ukipata unayoishuku, usiisugue kwa majivu wala limao. Mkusanyaji anataka rangi yake ya asili; ikishang'arishwa bei inaporomoka. Ipige picha pande zote mbili, ipime, kisha angalia mtandaoni bei ambazo sarafu kama hiyo imeshauzwa kweli. Mtu kuandika kwamba anauza milioni 10 haina maana kuna aliyelipa.

Na anayekwambia utume kwanza "ada ya usajili" au "hela ya cheti" ndipo akulipe, huyo hanunui sarafu. Mnunuzi wa kweli ndiye anayetoa pesa.