Msichana wa Ufipa: Baina ya Daftari na Mtoto

Ukiwauliza wanachuo wa itikadi elimu ya wasichana mkoani Rukwa ilianza lini, wengi hujibu bila kusita: Azimio la Musoma, Novemba 1974. Jibu hilo lina kosa la nadharia. Linaifanya elimu kuwa zawadi iliyoshuka kutoka juu, wala haliulizi msichana alitakiwa kutoa nini ili aipate.

Tuanze na uzalishaji mali. Uwanda wa juu wa Ufipa hauna misitu mingi. Mkulima alirutubisha shamba kwa kuzika majani ndani ya matuta ya mviringo yakaoza humo, kisha akapanda ulezi na maharage. Kazi hiyo yahitaji mikono mingi. Ukoloni ulipowavuta wanaume kwenda kukata mkonge wakiwa manamba, na wengine kuchimba dhahabu Lupa, mzigo uliwaelemea wanawake, na msaidizi wa mama alikuwa binti yake. Kwa hiyo mzazi aliyemzuia binti asiende shule hakuwa mjinga, kama tunavyopenda kusema sisi wenye vyeti. Alikuwa akipiga hesabu ya chakula.

Mapadri Weupe walikabidhiwa kituo cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na kutoka ziwani wakapanda Ufipa. Masista Weupe waliwafuata katika miaka ya 1890. Haki isemwe: hao ndio waliomfungulia msichana mlango wa kusoma na kuandika. Lakini mlango ulikuwa mwembamba. Aliyetaka kusonga mbele zaidi ya katekisimu aliona njia moja iliyo wazi, nayo ni utawa. Mapema katika karne ya 20 wasichana Waafrika walianza kulelewa utawa huko Karema, na kutoka kwao wakapatikana walimu na wauguzi. Wazazi wengi walipinga, maana binti asiyezaa aliunyima ukoo wajukuu na mahari. Huo ndio mkataba wa kwanza: daftari au mtoto, si vyote viwili.

Jambo lisilosemwa sana katika vikao vyetu ni kwamba taifa huru liliurithi mkataba huo. Karo ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973, na Azimio la Musoma likataka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Hatua hizo zilikuwa za kimapinduzi. Hata hivyo msichana aliyepata mimba aliendelea kufukuzwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Kanuni za Elimu za 2002 zikaitaja ndoa kuwa sababu ya kumwondoa shuleni. Yaani sheria moja ilimwoza, nyingine ikamwadhibu kwa kuwa ameolewa! Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vya ndoa vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019.

Wakati huohuo palikuwa na darasa lililoukataa mkataba ule. Ni darasa la ngumbaru. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, hakuna aliyemwambia mama arudi nyumbani kwa kuwa amebeba mtoto mgongoni. Nchini kote wasiojua kusoma na kuandika walipungua hadi asilimia 39 mwaka 1975, na asilimia 21 mwaka 1981. Kuanzia 1975 vikaja Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa mfano uliotoka Sweden, kimojawapo kikiwa Chala, wilayani Nkasi. Katika vyuo hivyo mpango wa Elimu Haina Mwisho uliwapokea wasichana walioacha shule, na watoto wao wakalelewa hapo hapo.

Kwa hiyo waraka wa Novemba 2021, ulioruhusu wasichana waliojifungua kurudi katika shule za mfumo rasmi, haukutoka hewani. Ulipeleka shuleni kanuni ambayo ngumbaru waliiishi kwa miaka hamsini, na ambayo sisi makada hatukuitambua kuwa ni nadharia.

Lakini waraka haupalilii shamba. Kikao cha tawi kinachomjadili msichana wa aina hii kianzie pale alipoanzia babu yake: msimu wa palizi ukifika, nani atashika jembe badala yake, na mtoto atabaki na nani mpaka saa za masomo ziishe?