Hori la Darajani na Viwanja vya Mnazi Mmoja

Mji Mkongwe wa Unguja umejengwa juu ya rasi ya Shangani. Zamani rasi hiyo ilitengwa na Ng'ambo, yaani mitaa ya upande wa pili, kwa hori la bahari lililoingia kutoka kaskazini na kuambaa upande wa mashariki wa mji. Maji yakijaa, rasi ilikaribia kuwa kisiwa. Yakipwa, lilibaki tope. Kusini palikuwa na ukanda mwembamba wa nchi kavu, Mnazi Mmoja, na katikati watu walivuka kwa daraja lililoipa Darajani jina lake.

Mji ulivyokua katika karne ya 19, hori lilipokea taka za pande zote mbili. Harufu yake na hofu ya maradhi viliipa serikali ya kikoloni sababu ya kulifukia. Sababu nyingine ilikuwa siasa ya makazi. Dk. W. J. Simpson, aliyetumwa Afrika Mashariki mwaka 1913 kuchunguza afya ya miji, alipendekeza makazi yagawanywe kwa rangi na kutenganishwa kwa ardhi isiyojengwa. Mwaka 1923 msanifu H. V. Lanchester naye alichapisha mpango wa mji wa Zanzibar.

Ufukiaji ulikwenda kwa awamu. Kusini ndiko kulikotangulia, na ardhi iliyopatikana ikawa viwanja vya michezo vya Mnazi Mmoja. Wazungu walikuwa na sehemu zao za gofu na kriketi, lakini vijana wa Ng'ambo na Mji Mkongwe walivifanya viwanja hivyo kuwa makao ya kandanda. Hivyo ardhi iliyotazamiwa kutenga watu ikawa mahali pa kukutana. Kaskazini, maji yaliendelea kuingia hadi katikati ya karne ya 20, kisha nako kukafukiwa.

Anayeufuata mkondo wa hori hilo leo akianzia kusini hukuta kwanza Beit el Amani, jengo lenye kuba lililosanifiwa na J. H. Sinclair na kukamilika mwaka 1925 kuwa kumbukumbu ya Vita Kuu ya Kwanza. Viwanja viko jirani, na Bustani ya Jamhuri haiko mbali. Kutoka hapo Barabara ya Benjamin Mkapa, iliyokuwa ikiitwa Creek Road, hupita karibu na Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa, hadi Soko la Darajani la mwaka 1904. Huku kaskazini uwazi umepungua, kwani biashara na vyombo vya usafiri vimechukua nafasi kubwa.

Kufukiwa hakukuondoa ubonde wa ardhi. Wakati wa bamvua maji ya bahari huingia Mnazi Mmoja, na mvua za masika hutuama uwanjani. Kwa hiyo nyasi za viwanja hivyo hufanya kazi mbili: ni mahali pa michezo, na pia hupokea maji ambayo vinginevyo yangeingia majumbani.