Kusaka Vikasha Kando ya Mto Youghiogheny

Mei 1754, George Washington, akiwa bado ofisa kijana, alishuka mto huu akitafuta njia ya maji ya kumfikisha ngome ya Fort Duquesne. Maporomoko ya Ohiopyle yakamkatisha tamaa.

Leo wageni wa hifadhi ya Ohiopyle, katika jimbo la Pennsylvania, husaka vikasha vilivyofichwa wakiongozwa na GPS ya simu. Mchezo wenyewe, jiokeshingi, ulianzia Oregon tarehe 3 Mei 2000, siku moja tu baada ya Marekani kuacha kuvuruga makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia.

Ukipata kikasha, andika jina daftarini. Ukichukua kitu, acha chenye thamani ileile, kisha rudisha kikasha palepale. Vikasha havifukiwi ardhini, kwa hiyo usichimbe. Simu haionyeshi utelezi: usikanyage mawe ya ukingoni.