Jengo la kijani ni nini, na linapunguzaje hewa ya ukaa?

Ukisikia hewa ya ukaa, huenda unawaza moshi wa magari na viwanda. Kumbe na nyumba zetu zimo. Kwa mujibu wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP), majengo na ujenzi huchangia zaidi ya theluthi moja ya hewa ya ukaa inayotokana na matumizi ya nishati na uzalishaji wa viwandani duniani.

Jengo la kijani si lile lililopakwa rangi ya kijani. Ni jengo linalopangwa tangu kwenye ramani litumie umeme, maji na vifaa vichache zaidi.

Hewa hiyo inatoka wapi?

Inatoka mara mbili. Kwanza ni kabla hujahamia: saruji, nondo na matofali ya kuchoma. Pili ni ukishahamia: umeme wa AC, feni, taa na pampu, miaka yote utakayoishi humo.

Saruji ndiyo ngumu zaidi. Jiwe la chokaa huchomwa kwa joto la karibu nyuzi 1,450, na jiwe lenyewe likiungua hutoa hewa ya ukaa. Kwa hiyo hata kiwanda kikiacha makaa ya mawe, tatizo haliishi lote.

Ubaridi bila AC

Mjini Harare, Zimbabwe, kuna jengo la Eastgate lililokamilika mwaka 1996. Msanifu wake, Mick Pearce, alijifunza kutoka kwenye vichuguu vya mchwa. Usiku, feni huingiza hewa baridi inayopoza zege. Mchana, zege hilo hupoza hewa ya ofisini, na hewa ya moto hutoka juu kupitia mabomba ya paa.

Burkina Faso nako, Francis Kéré alijenga shule ya msingi kijijini kwao Gando, iliyokamilika mwaka 2001. Kuta ni za matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Bati limeinuliwa juu ya dari ya matofali, hivyo upepo hupita katikati na joto la bati halishuki darasani. Mwaka 2022, Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani.

Matofali bila kuni

Tofali la kuchoma linakula kuni, na kuni ni miti. Tanzania, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA) umehimiza matofali ya kufungamana: udongo na saruji kidogo, vinashindiliwa kwa mashine, kisha tofali linamwagiliwa na kukomaa bila moto. Kwa kuwa yanashikana yenyewe, udongo wa kujengea nao unapungua.

Unajenga? Mwambie fundi haya

- Kuta fupi zitazame mashariki na magharibi, madirisha mengi yawe kaskazini na kusini. Jua la asubuhi na la jioni ndilo linalopiga ukutani.
- Kila chumba, ikiwezekana, kiwe na madirisha pande mbili ili upepo upite.
- Paa litokeze nje ya ukuta, au weka baraza, ili kuta zipate kivuli.
- Acha matundu ya hewa kati ya dari na bati. Bati la rangi nyeupe hupokea joto kidogo kuliko jeusi.
- Epuka ukuta mzima wa kioo. Kioo huingiza jua na kulifungia ndani, kisha AC inafanya kazi kutwa.
- Usikate mti ambao hauzuii msingi.

Mengi kati ya haya ni maamuzi ya kwenye ramani, ambako kurekebisha ni kufuta mstari tu. Nyumba ikishapauliwa huwezi tena kuigeuza ilipe jua mgongo. Hapo kitakachobaki ni kununua AC na kuilisha LUKU kila mwezi.