Mkono wa Tatu wa Seremala

Seremala ana mikono miwili kama watu wengine, walakini kazi yake yahitaji mitatu. Mmoja hushika ubao huu, wa pili hushika ule, na wa tatu ndio uwezao kuzibana mbao hizo mbili mpaka gundi ikauke. Mkono huo wa tatu katika Kiswahili cha wazee wetu huitwa jiliwa. Vijana wa karakana za leo huuita klampu. Msumeno na randa vimepata sifa nyingi midomoni mwa watu, bali jiliwa hutundikwa ukutani wala halisifiwi, japokuwa hapana meza wala mlango uliounganishwa kwa gundi ambao haukupita katika meno yake.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya chombo hiki kwa ufupi, wala si kwa kupenda mambo ya kale tu. Kijana afunguaye karakana ndogo hukabiliwa na swali zito siku ya kwanza: kati ya majiliwa ya kila namna yaliyopangwa dukani, anunue yapi, na mangapi? Fedha aliyo nayo mara nyingi ni ya mkopo, au ni akiba ya wazazi wake. Ikitumika vibaya, karakana hufa kabla kiti cha kwanza hakijauzwa. Nadhani jibu la swali hilo limo katika historia, na aijuaye hatadanganywa kwa urahisi na rangi ya chuma kipya.

Mkono wa tatu wa kwanza ulikuwa kamba. Mwaka 1954, kando ya piramidi kubwa la Giza nchini Misri, ilifukuliwa merikebu ya Mfalme Khufu iliyozikwa zaidi ya miaka 4,500 iliyopita. Ilikuwa imelazwa vipande vipande, vipande 1,224, na ilipoundwa tena urefu wake ulizidi mita 43. Mbao zake zilifungwa kwa kamba zilizopitishwa katika matundu yaliyotobolewa upande wa ndani. Pwani yetu nayo ilikuwa na ustadi wa namna hiyo. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya 1 juu ya safari za Bahari ya Hindi, kiitwacho Periplus, chautaja mji wa biashara wa Rhapta katika pwani ya Afrika Mashariki, na chaeleza ya kuwa jina hilo latokana na mashua za kushonwa zilizokuwako huko. Mtepe wa Lamu na wa visiwa vya Wabajuni ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi mpaka karne ya 20 ilipoingia.

Yafaa tuangalie jambo moja katika vyombo hivyo. Kibanacho na kiungacho ni kitu kimoja. Fundi wa mtepe hakuifungua kamba kazi ilipokwisha. Kamba ilikwenda baharini pamoja na mbao, na ilipochakaa ilibadilishwa. Jiliwa lilikuwa halijatengana na kiungo.

Lililowatenganisha ni gundi. Katika kaburi la Rekhmire, waziri wa Farao Thutmose wa Tatu, lililoko ng'ambo ya magharibi ya mto Nili karibu na Luxor, zimo picha za maseremala kazini, na miongoni mwao kuna chungu cha gundi juu ya moto. Picha hizo zina umri wa miaka 3,400 na zaidi. Gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama, ipakwapo ingali moto, hushika upesi inapopoa. Fundi hodari aweza kuzisugua mbao mbili nyembamba zikashikamana kwa mikono tu. Lakini ubao ukiwa mpana, au umepinda kidogo, mkono hautoshi. Hapo ndipo jiliwa lilipopata tabia yake ya sasa, tabia ya mgeni: huja, hukaa kwa muda, kisha huondoka bila kuacha alama. Jiliwa liachalo alama limeharibu kazi, na liondokalo mapema limeiharibu zaidi.

Njia ya pili ni kabari. Chukua ubao mrefu ulio imara, upigilie kigingi kila upande, weka kati yake mbao unazounganisha, kisha gongomelea kabari mbili zilizoelekeana katika nafasi iliyobaki. Kadiri kabari ziingiavyo, ndivyo mbao zibanavyo. Chombo hicho hakina hata msumari wa chuma, na kinaweza kutengenezwa kwa masalio ya mninga au mvule katika muda wa saa moja. Hadi leo mafundi katika nchi nyingi hukitumia, wala si kwa ufukara, bali kwa sababu kabari haiharibiki wala haina jino la kuchakaa.

Njia ya tatu ni parafujo. Heron wa Alexandria, mwanachuoni wa karne ya 1, alieleza mashinikizo ya parafujo ya kukamulia zeituni na zabibu, na akaeleza pia chombo cha kuchonga hesi ndani ya tundu la mti. Kitabu chake hicho hakikutufikia chote kwa Kiyunani. Kimetufikia kwa Kiarabu, katika tafsiri ya Qusta ibn Luqa wa karne ya 9. Sisi nasi neno letu tulilipata kwa njia ya bahari, maana parafujo ni neno la Kireno, lililobaki katika lugha yetu baada ya wenyewe kuondoka Mombasa.

Nguvu ya parafujo yaweza kuhesabiwa. Tuseme mpini wa jiliwa una sentimita 5 kutoka katikati hata ncha, na nafasi ya jino hata jino ni milimita 4. Mzunguko mmoja wa mkono ni kama sentimita 31, na ncha ya parafujo husogea milimita 4 tu. Basi nguvu ya mkono yazidishwa zaidi ya mara 70 kwa hesabu ya kitabuni. Msuguano hula zaidi ya nusu ya faida hiyo; lakini msuguano huohuo ndio uizuiao parafujo isijirudie fundi anapoachilia mpini na kwenda zake kunywa chai. Hasara hiyo ndiyo inayolifanya jiliwa likae.

Njia ya nne ni mng'ato. Mfaransa André Roubo, aliyekuwa seremala mwenyewe kabla ya kuwa mwandishi, alitoa kati ya mwaka 1769 na 1775 kitabu kikubwa juu ya ufundi wa useremala, chenye michoro ya vyombo vyote vya karakana. Humo mna jiliwa refu la chuma ambalo mafundi wa Ufaransa waliliita sajini. Mkono wake mmoja umefungwa, na wa pili huteleza juu ya chuma kirefu. Ukisukumwa na ubao, mkono huo huinama kidogo, na kwa kuinama huking'ata chuma usiweze kurudi. Mwaka 1936 kiwanda cha BESSEY cha Ujerumani kilitoa jiliwa la namna hiyo lenye chuma kilichovutwa kwa umbo maalumu na parafujo katika mkono utelezao, na umbo lake ndilo tulionalo sasa katika maduka ya dunia nzima.

Kati ya Roubo na mwaka huo palikuwa na badiliko moja lililopunguza bei ya vyote. Kabla yake kila parafujo ya chuma ilikuwa kazi ya mkono, na ilipotea ikiwa imepotelewa na mwenzake. Henry Maudslay wa London alitengeneza mashine ya kukata hesi kwa usahihi katika miaka ya mwisho ya karne ya 18, na Joseph Whitworth, aliyepata kufanya kazi kwake, alipendekeza mwaka 1841 kipimo kimoja cha meno kitumike na viwanda vyote. Tangu hapo jiliwa la chuma halikuwa tena mali ya karakana za matajiri peke yake.

Msomaji aweza kudhani ya kuwa mambo haya ni madogo. Basi na akumbuke ndege ya kivita ya Waingereza iitwayo Mosquito, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 25 Novemba 1940. Mwili wake ulikuwa wa mbao nyembamba zilizogandishwa kwa gundi, na sehemu zake nyingi ziliundwa na watengeneza viti na meza. Nusu mbili za mwili zilitandazwa juu ya kalibu, zikabanwa kwa mikanda ya chuma mpaka gundi ikauke. Mwaka 1944 baadhi ya ndege hizo zilivunjika angani katika India na Burma. Kwanza ililaumiwa hali ya nchi, joto na unyevu wake. Kisha uchunguzi ukaonyesha ya kuwa katika baadhi ya mabawa mbao hazikugusana sawasawa zilipogandishwa kiwandani. Pengo lisiloonekana kwa jicho lilitosha kuua watu. Kiti cha karakana yetu hakiruki angani, lakini aketiye juu yake amemwamini fundi kwa njia iyo hiyo.

Sasa na turudi dukani pamoja na kijana wetu. La kwanza la kujiuliza si bei, bali ni kazi. Watengenezaji wa gundi nyeupe itumikayo leo hupendekeza mbano wa kilo 7 hadi 10 kwa kila sentimita ya mraba kwa mbao laini, na kilo 12 hadi 17 kwa mbao ngumu. Kama anaunga mbao za meza yenye urefu wa sentimita 150 na unene wa sentimita 2.5, uso wa kiungo kimoja ni sentimita za mraba 375. Kwa mbao laini atahitaji kilo 2,600 na zaidi. Jiliwa refu zuri likitoa kilo 450, basi atahitaji sita. Kwa mbao ngumu atahitaji kama kumi. Ayapange moja juu na moja chini, ubao usije ukapinda, na aweke kipande cha mti kati ya chuma na kazi, ili nguvu ienee na alama isibaki. Hesabu hii haimwondolei wajibu wa randa: mbao zilizonyoshwa vizuri hutulia kwa nguvu kidogo, na zisizonyoshwa hazitatulizwa na jiliwa lolote, bali zitangoja mpaka liondolewe, ziachane.

La pili ni kutenganisha awezalo kutengeneza na asiloweza. Kamba ya kusongolewa kwa kijiti yatosha kubana miguu ya kiti, na vipande vya mpira wa gurudumu la baiskeli hubana vizuri kitu cha mviringo ambacho chuma hakikipati. Kabari na vigingi atavifanya kwa masalio. Asichoweza kukifanya kwa mkono wake ni parafujo iliyo sahihi na chuma kirefu kisichopinda. Basi fedha yake na iende huko: majiliwa marefu sita ya mita moja na robo, yanunuliwe mawili mawili ya namna moja, na madogo manne. Yale ya kubanwa kwa vidole vya mkono mmoja, yaliyoenea tangu mwisho wa karne ya 20, ni mepesi na yanafaa kushikilia kazi kwa muda mfupi. Nguvu yake ni ndogo kuliko ya parafujo, na anayeanza aweza kuyangojea.

La tatu ni kulijaribu jiliwa kabla ya kulipa. Likazwe juu ya kipande cha mti, litazamwe kama chuma chake chajipinda, na kama mkono utelezao wang'ata au waponyoka. Jiliwa linaloponyoka dukani litaponyoka usiku gundi ikiwa mbichi, na asubuhi fundi atakuta meza iliyokwisha haribika na mteja mlangoni.

Katika njia hizi nne, kamba, kabari, parafujo na mng'ato, hapana hata moja iliyokufa kwa kuzaliwa nyingine. Kamba ya mtepe bado ingali na kazi karibu na chuma cha Ujerumani, na fundi azijuaye zote nne hanunui kwa woga. Huyo hata akianza na majiliwa sita, ana mikono ya kumtosha; na asiyezijua, hata akinunua sitini, bado atabaki na miwili.