Hoteli ya Kulala: Kisumu Imekuwa Ikimtandikia Nani Kitanda?

Kisumu ukiuliza mtu hoteli iko wapi, atakurudishia swali: ya kula ama ya kulala? Ya kula iko kila kona. Chapo na maharagwe, chai ya maziwa, bei zimeandikwa kwa ubao na ile ya ugali imefutwa na kuandikwa upya mara tatu. Ya kulala ni dunia nyingine. Ina mlinzi kwa geti, ina watu wa mapokezi, ina shuka nyeupe. Msee wa Kondele ama Nyalenda anaweza kuipita kila siku miaka ishirini na asilale hapo hata usiku mmoja. Kwani alale ya nini? Kwake ni dakika kumi na boda.

Sasa kila hoteli mpya ikifunguliwa hapa mjini, watu wanapiga picha wanapost "Kisumu imefika". Mimi huuliza swali lingine: hicho kitanda kimetandikiwa nani? Kwa sababu ukifuata historia, jibu halijabadilika kwa zaidi ya miaka mia. Kitanda cha hoteli kubwa ya Kisumu ni cha mtu aliyetumwa. Amekuja kikazi, halipi na pesa yake, na kuna ofisi mahali, London, Nairobi ama Geneva, inasubiri risiti.

Anza na reli. Tarehe 20 Desemba 1901 reli ya kutoka Mombasa ilifika ziwa, zaidi ya kilomita 900. Msumari wa mwisho ulipigwa na Florence Preston, mke wa injinia Ronald Preston, na mji uliitwa Port Florence kwa muda. (Wahindi zaidi ya elfu thelathini waliletwa kujenga hiyo reli, karibu 2,500 wakafa, na hakuna kituo kilichopewa jina la mmoja wao. Tuendelee.) Lakini angalia reli ilienda kufanya nini. Jina lake lilikuwa Uganda Railway. Kisumu haikuwa mwisho wa safari, ilikuwa mahali pa kushuka kwa treni na kupanda meli kwenda Entebbe. Stesheni na gati zilikaa karibu karibu makusudi, na meli zenyewe zilikuwa za reli. Mji ulizaliwa kama chumba cha kusubiri.

Na wasafiri maarufu wa kwanza, wewe cheka tu, walikuwa watu wa kontenti. Mwaka 1907 akapita Winston Churchill, naibu waziri wa makoloni, safari ya kikazi kabisa. Akapanda meli ya Clement Hill hapa Kisumu akavuka kwenda Uganda. Safari hiyo hiyo akaiuza kama makala kwa gazeti la The Strand, halafu 1908 akaitoa kama kitabu. Miaka miwili baadaye, Desemba 1909, Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa ametoka tu kuwa rais wa Marekani, akapita njia ile ile baada ya miezi ya kuua wanyama, naye tayari alikuwa na mkataba wa kuandika. Wote wawili walilipiwa safari na bado wakalipwa kuisimulia. Mimi nikiweka video ya ngege wa kukaanga naambiwa nitafute kazi.

Halafu ikafika 1931, mwaka ambao kwangu ndio muhimu kuliko yote kwa hii hadithi. Mwaka huo reli iliyopita Nakuru na Tororo ilifika Kampala moja kwa moja. Yaani mtu wa Uganda hakuhitaji Kisumu tena. Mji ungekufa polepole hapo. Lakini mwaka huo huo, mwezi wa Februari, kampuni ya Imperial Airways ilianzisha safari za ndege kutoka Uingereza mpaka Mwanza, na Kisumu ikawa moja ya vituo. Kufika 1937, ndege zenyewe zilikuwa zile kubwa zinazotua kwa maji, kutoka Southampton mpaka Durban. Ziwa letu likawa uwanja wa ndege.

Ndege ya aina hiyo ilibeba abiria wasiozidi 24. Haikusafiri usiku. Jioni ikitua, abiria wanapelekwa hoteli, wanakula, wanalala, asubuhi wanaendelea. Na tiketi ilikuwa imeshalipia kila kitu, chakula na kitanda. Wengi wao walikuwa maafisa wa serikali, wanajeshi na wafanyabiashara wa kampuni kubwa, kwa sababu nani mwingine angeweza hiyo nauli? Mzigo uliolipa bili za kampuni haukuwa hata wao, ilikuwa barua. Kwa hivyo hoteli ya kulala ya Kisumu iliishi kwa ratiba iliyopangwa London. Vita vya pili vikaisha, na ndege za majini zilipoanza tena njia ya huku mwishoni mwa miaka ya 1940, zilitua Naivasha, sio Kisumu. Kwisha. Hakuna mtu wa Kisumu aliulizwa.

Sasa weka Mwafrika kwa hiyo picha. Yeye pia alikuwa anasafiri kikazi! Vijana wa Nyanza walijaa treni kwenda kutafuta kazi Nairobi, Mombasa, kwa mashamba ya Wazungu. Lakini tangu mwanzo wa miaka ya 1920 mwanamume Mwafrika alitembea na kipande, karatasi ya kazi ndani ya kikopo cha chuma, kimening'inia shingoni, na ilibidi mwajiri aandike kama amemwachilia. Kwa treni Mzungu alikaa daraja la kwanza, Mhindi la pili, Mwafrika la tatu, na miji ilikatwa hivyo hivyo. Milimani ya Kisumu ilikuwa ya Wazungu. Hoteli zao hazikuwa zako, hata ukiwa na pesa mkononi.

Kwa hivyo ulilala wapi ukifika mji wa watu? Kwa watu wako. Ndugu, mtu wa kijiji chenu, mtu wa kanisa lenu. Luo Union ilikuwa na matawi kwa miji ya Afrika Mashariki na msafiri alijua aanzie wapi kuuliza. Wazee wetu walikuwa na mtandao wa malazi kabla ya programu yoyote ya simu, na mgeni hakuandikiwa risiti.

Kwa hoteli na nyumba za Wazungu, Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni. Hii si aibu, ilikuwa ujuzi. Hussein Onyango Obama, babu yake yule rais wa Marekani, alikuwa mpishi wa Wazungu. Jua kutandika meza, jua kuchoma nyama isiungue, jua kunyamaza. Mkoa mzima ulisomesha watoto kwa mshahara wa kitanda ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukilalia.

Na kuna mtu aliona hiyo hesabu mapema. Jaramogi Oginga Odinga aliacha kufundisha, na kwenye miaka ya 1940 akaanzisha kampuni ya Luo Thrift and Trading Corporation. Watu walichanga hisa ndogo ndogo, wakajenga maduka, wakajenga Ramogi House. Watu humkumbuka kwa siasa tu, lakini kabla ya siasa alikuwa anasema kitu rahisi: tusiwe wa kuhudumia tu, tuwe na jengo. Nikiwa na mamlaka ningeifundisha hiyo shuleni kabla ya hao wazungu wa msumari.

Uhuru ulikuja na ukabadilisha nani anaruhusiwa kuingia. Haukubadilisha sana nani analipa. Serikali iliunda shirika la KTDC mwaka 1965 kuweka pesa kwa utalii, na Sunset Hotel hapa Kisumu ni ya mkono huo. Ukienda pale utaona kitu adimu kwa huu mji, jengo ambalo linaangalia ziwa. Sehemu kubwa ya Kisumu imelipa ziwa mgongo, kwa sababu ufuo wa katikati ya mji ulichukuliwa na reli, bandari na maghala tangu mwanzo. Kisumu Hotel, ile ya Jomo Kenyatta Highway, siku hizi ni mali ya Chuo Kikuu cha Maseno.

Lakini mji unaotegemea wageni wa kutumwa unategemea pia hali ya anayetuma. Mwaka 1966 Odinga akatoka serikalini. Tarehe 25 Oktoba 1969 Jomo Kenyatta alikuja kufungua hospitali, ile tunaita Russia, wakagombana hadharani na watu wakapigwa risasi wakafa. Baada ya hapo wageni wa Nairobi hawakuwa na haraka ya kuja huku. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na biashara ya meli na reli iliyounganisha Kisumu na Mwanza na Port Bell ikadhoofika.

Nani alijaza vitanda? Hapa ndipo hadithi inauma. Ni magonjwa. KEMRI na CDC ya Marekani wamekuwa wakifanya utafiti wa malaria hapa tangu 1979, wako pale Kisian. UKIMWI ulipokuja, Nyanza ndiyo iliongoza nchi nzima kwa maambukizi, na nyuma yake zikaja NGO, na nyuma ya NGO zikaja semina. Watu wa rika langu wengi wamelelewa na nyanya kwa sababu ya ule ugonjwa. Na wakati huo huo, mjini, kulikuwa na ukumbi umejaa watu wenye beji shingoni (ndio, shingoni tena) wakijadili ule ugonjwa, chai saa nne, samaki saa saba. Sisemi wasingekuja. Dawa ziliokoa watu, na ile semina ililipa mshahara wa mtu jikoni ambaye alikuwa akilea mayatima wanne. Yote mawili ni kweli.

Mwaka 2013 kaunti 47 zikaanza, na mgeni wa kutumwa akapata jina jipya: mheshimiwa. Kamati za kaunti zingine zikaja "kujifunza". Uwanja wa ndege ulikuwa umeshapanuliwa, hoteli kama Acacia zikasimama, na Mei 2022 mji ukapokea kongamano la Africities, maelfu ya wajumbe kutoka bara zima kwa wiki moja. Vitanda havikutosha mpaka wenyeji wakaambiwa wafungue nyumba zao. Wiki hiyo kila mtu alikuwa na kibarua, usafi, tuktuk, picha, ukalimani. Wiki iliyofuata simu zikanyamaza.

Na kumbuka kabla ya hiyo sherehe nini kilibomolewa. Lwang'ni, pale ufuoni. Jina lenyewe kwa Kijaluo ni nzi, hakuna aliyedanganya ni mahali pa nyota tano. Zilikuwa hoteli za kula, vibanda vya mabati, wamama wakikaanga ngege na mbuta ukiwa unaangalia maji. Vibanda viliangushwa ili bandari ifufuliwe na ardhi ya reli irudi kwa reli. Bandari ilihitaji kufufuliwa, hilo sipingi. Lakini ile ilikuwa moja ya sehemu chache katikati ya mji ambapo mtu wa Kisumu alikaa mbele ya ziwa lake kwa bei ya sahani moja ya samaki. Treni ya abiria kutoka Nairobi ilirudi Desemba 2021, ikapita karibu na pale pale ilipofikia 1901.

Wanaotaka samaki wa hivyo sasa wanaenda Dunga. Ijumaa jioni kongamano likiisha, utawaona wajumbe wakiteremka kwa tuktuk, wamevua beji wameziweka mfukoni, wanauliza bei. Hapo wanalipa na pesa yao wenyewe, na wanabishana mpaka mwisho juu ya shilingi hamsini.